Je, Wajua Kwa Nini Wanafunzi Hawaachi Kujadili Viti vya Baraza la Usalama?

Katika mikutano ambamo wanafunzi huigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, kama ule wa shule za Afrika Mashariki unaofanyika Gigiri, Nairobi, ndani ya makao ya Umoja wa Mataifa yenyewe, mada hubadilika kufuata mambo yanayoitikisa dunia: mabadiliko ya tabianchi, wakimbizi, mito inayopita katika nchi nyingi, silaha zinazoendeshwa kwa akili mnemba. Hata hivyo, kuna mada moja ambayo haikawii kurudi mezani, nayo ni mageuzi ya Baraza la Usalama. Kwa nini haichoshi, ilhali wanadiplomasia wenyewe wameijadili kwa miongo kadhaa bila kuimaliza?

Ukiwapa wajumbe vijana mada ya kutokomeza njaa, wote watasimama kuilaani njaa, watapigiana makofi, na kikao kitakwisha bila hoja ya mmoja kukutana na hoja ya mwingine. Viti vya Baraza la Usalama haviwapi nafasi hiyo, kwa kuwa kila nchi ina cha kupata au cha kupoteza, na karibu kila moja ina hoja ambayo kijana anaweza kuitetea kwa dhamiri safi.

Tuanze na hesabu. Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1945 ulikuwa na nchi 51, na za Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Leo wanachama ni 193, na 54 kati yao ni wa Afrika. Baraza la Usalama limepanuliwa mara moja tu, pale marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1963 yalipoanza kutumika mwaka 1965 na kuongeza wajumbe kutoka 11 hadi 15, na viti vyote vilivyoongezwa vilikuwa vya muda wa miaka miwili. Vile vya kudumu vimebaki vitano: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Afrika ina viti vitatu vya kupokezana na haina hata kimoja cha kudumu.

Mbona basi kasoro hiyo isirekebishwe? Ibara ya 108 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataka theluthi mbili ya wanachama wote, yaani nchi 129, ziyakubali marekebisho kwa kura kisha ziyaridhie kwa taratibu za kikatiba za nyumbani kwao, na miongoni mwa zinazoridhia ziwemo zote tano zenye viti vya kudumu. Kwa maneno mengine, mwenye kura ya turufu, yaani uwezo wa kila nchi yenye kiti cha kudumu kuzuia uamuzi peke yake, ndiye anayeombwa ruhusa ya kuigawa.

Uzito wa kura hiyo, kwa maoni yangu, hauelezwi vizuri na kifungu chochote cha sheria kama unavyoelezwa na kisa cha Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 Mzanzibari huyo, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, aligombea Ukatibu Mkuu dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria, aliyekuwa akitafuta muhula wa tatu. Miaka kumi kabla yake, Salim akiwa balozi New York, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuidai Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, nayo ikakipata. Sasa China ikamzuia Waldheim kwa turufu, Marekani ikamzuia Salim, na kura zikarudiwa kwa wiki kadhaa, hadi wote wawili wakajiweka kando na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita.

Mjumbe anayeiwakilisha Kenya au Tanzania huja na Makubaliano ya Ezulwini ya Machi 2005, ambamo Umoja wa Afrika unadai viti visivyopungua viwili vya kudumu, vyenye haki zote ikiwamo turufu, na vitano vya kupokezana. Wajumbe wa India, Brazil, Ujerumani na Japani wanadai viti vyao na kuungana mkono. Aliyepewa Italia au Pakistani hupinga kiti chochote kipya cha kudumu. Wanafunzi wengi hununa wakipewa Italia, nami huwaambia kwamba wamepewa nafasi bora ukumbini, kwa sababu hoja yake ni nzito: mjumbe anayechaguliwa hulazimika kuomba ridhaa ya wenzake, wa kudumu haombi. Mwaka 2020 Kenya ililazimika kuingia duru ya pili dhidi ya Djibouti kabla ya kupata kura 129 na kiti cha 2021 hadi 2022.

Mgongano hukolea wakati wa kuandika rasimu. Azimio la Umoja wa Mataifa, hata likiwa la kurasa kumi, kwa kawaida huandikwa kama sentensi moja, aya zake zikitenganishwa kwa mkato na nukta-mkato, na nukta huwekwa mwishoni kabisa. Vijana huweza kubishana saa nzima juu ya maneno manne, "ikiwamo kura ya turufu", yabaki au yaondoke. Hawapotezi wakati. Mwaka 2005 kundi la India na wenzake lilikuwa tayari kuiweka turufu kando kwa miaka 15, Umoja wa Afrika ukakataa, na rasimu za pande hizo mbili hazikuunganishwa. Mwaka 2024 Marekani ilitangaza kuunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, lakini bila turufu.

Ndipo mjumbe wa Italia huinua kibao chake na kuwauliza Waafrika ni nchi zipi mbili zitakazokalia viti hivyo. Nigeria, Afrika Kusini na Misri ndizo hutajwa zaidi. Makubaliano ya Ezulwini yanasema uteuzi utafanywa na Umoja wa Afrika, nao haujataja nchi yoyote.