Maziwa yakichelewa, si lazima mtoto apewe maji ya glukosi
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema maziwa yasipotoka siku ya kwanza, mtoto apewe maji ya glukosi. Si kweli, tafadhali usiusambaze. Siku hiyo hutoka dang'a, matone mazito ya manjano, na kwa kawaida humtosha mtoto mchanga. Titi laini na kilio cha usiku ndivyo huwachanganya wengi, wakadhani hakuna maziwa. Maziwa mengi huja siku ya 2 hadi ya 4, pengine baadaye kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku. Akishibishwa glukosi ananyonya kidogo, na maziwa hupungua. Kuanzia siku ya 5, hesabu nepi: 6 zilizolowa mkojo kwa siku ni dalili njema. Akikojoa kidogo, akilegea au macho yakiwa manjano, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.