Mwanafunzi Mwerevu na Jibu Lake la Kwanza

Jumamosi moja, katika kikao cha ushauri nasaha na wanafunzi wanaoongoza madarasani mwao hapa Kisumu, niliandika ubaoni 2, 4, 6. Niliwaambia nambari hizo zinafuata kanuni niliyoificha kwenye karatasi. Waitafute kwa kunitajia nambari nyingine tatu tatu, nami nitajibu ndiyo au la.

Msichana wa safu ya mbele akataja 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. 100, 102, 104. Ndiyo. Akafunga daftari. "Mwalimu, ni kuongeza mbili."

La. Uso ukamshuka. Kanuni yangu ilitaka tu kila nambari iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Angejaribu 1, 7, 50 angegundua mara moja, ila chumba kizima hakuna aliyeuliza swali ambalo lingeweza kumwonyesha kwamba amekosea.

Zoezi hili lilichapishwa na mwanasaikolojia Peter Wason wa London mwaka wa 1960. Kati ya watu 29 aliowapima, 6 tu ndio waliofikia kanuni sahihi bila kutangaza kwanza iliyo na makosa.

Kuelemea upande mmoja namna hii, bila mwenyewe kujua, ndiko tunakoita mwegemeo wa fikra. Wazazi hudhani watoto wenye vipawa wamesalimika. Hawajasalimika. Mwaka wa 2012, Richard West, Keith Stanovich na mwenzao walionyesha kwamba watu huona miegemeo ya wengine upesi kuliko yao wenyewe, na wenye akili kali hawakuwa na nafuu yoyote. Mimi sishangai. Kijana ambaye jibu lake la kwanza limekuwa sahihi tangu chekechea ataanza lini kulitilia shaka? Tena ana ufasaha wa kulitetea hata linapokuwa bovu.

Hesabu ya ubaoni hufutwa, lakini kozi ya chuo haifutiki hivyo. Mvulana mmoja wa kidato cha nne aliniambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wake uko kwenye usanifu wa majengo, ila nyumbani wanamwita "daktari" tangu utotoni, na mama amemlipia karo kwa kuuza omena. "Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge," akasema. Iliniuma. Methali hiyo humfaa anayekata tamaa mapema. Yeye ilikuwa inamfunga. Karo iliyokwisha kulipwa hairudi hata akichagua nini. Cha kupima ni miaka 6 ya udaktari iliyo mbele yake, na kazi itakayofuata.

Kwa hiyo, kabla mtoto hajachagua mkondo wa sekondari ya juu au kujaza kozi za KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, mwombe aandike ni jambo gani likijulikana litamfanya abadili nia. Akikosa hata moja, bado hajafikiria. Na akibadili, tafadhali usimwambie anayumba.

Mvulana yule nilimtuma kwa daktari na kwa msanifu majengo, awaulize kinachowachosha kazini. Mama yake alipokuja kumchukua aliniuliza kama usanifu unalipa. Ni swali la haki kabisa. Nikawaomba waende kuliuliza pamoja.