Je, Wayahudi wa kale walisamehewa kwa damu pekee?

Wengi wanaamini kwamba kwa Wayahudi wa kale hapakuwa na msamaha wa dhambi bila damu ya mnyama, na kwamba wote walikubaliana juu ya hilo. Imani hiyo ina msingi: Walawi 17:11 inaipa damu nafasi kubwa. Lakini soma pia Walawi 5:11. Maskini asiyemudu hata njiwa wawili alileta unga, naye akasamehewa.

Makubaliano nayo hayakuwapo. Magombo yaliyoanza kupatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, yanaonyesha kundi lililojitenga na makuhani wa Yerusalemu. Kanuni yao inahesabu sala na mwenendo mnyofu kuwa upatanisho, pasipo nyama za sadaka. Kalenda yao ilikuwa ya siku 364, tofauti na ile ya Yerusalemu, kwa hiyo hata Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kuomba msamaha, waliiadhimisha kwa tarehe yao. Gombo moja linamlaumu kuhani aliyewavamia siku hiyo. Kwangu, hapo ndipo mpasuko unapoonekana wazi zaidi. Hekalu la Yerusalemu, mahali pa sadaka, lilipobomolewa mwaka 70 BK, marabi walisisitiza toba, sala na matendo ya huruma.

Picha za magombo mengi zinapatikana bure mtandaoni. Ukikutana na dai la “Wayahudi wote waliamini”, uliza: kundi gani, na karne ipi?