Virusi vya mbu pekee: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: kirusi chochote kilichomo ndani ya mbu kinaweza kumwambukiza binadamu.

Vingi haviwezi: hujinakili ndani ya mbu tu, ndiyo maana huitwa virusi vya mbu pekee. Cha kwanza kujulikana kilielezwa mwaka 1975, kikitoka kwenye seli za mbu wa spishi ya Aedes aegypti zilizokuwa zikikuzwa maabara. Majimaji ya seli hizo yalipowekwa kwenye seli za mbu wa Aedes albopictus, ziliungana zikawa seli kubwa. Seli za mamalia hazikudhurika. Kirusi cha Eilat, ndugu wa chikungunya, hakijinakili ndani ya seli za wanyama wenye uti wa mgongo hata RNA yake, yaani nyenzo yake ya urithi, ikipenyezwa moja kwa moja. Virusi hivi husambaa zaidi kutoka kwa mama kwenda kwenye mayai, ndiyo maana hupatikana hata kwa madume na viluwiluwi, wasionyonya damu.

Dhana: ukipata mfuatano mpya wa jenomu (maelezo yote ya urithi), umepata kirusi kipya.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. DNA ya mbu wa Aedes imebeba vipande vya virusi vya kale, na vikinakiliwa kuwa RNA huonekana kwenye uchambuzi kama kirusi hai. Chukua DNA ya mbu walewale, uipime kwa PCR (kipimo kinachozidisha nakala za kipande cha DNA) bila hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA. Jibu likiwa chanya, shuku kwanza jenomu ya mbu, hasa kama jeni zimekatikakatika kwa alama za kusimamisha protini.

Hata kikiwa kirusi kweli, huenda mwenyeji wake ni kuvu au kimelea aliyemo tumboni mwa mbu. Ushahidi mzuri ni RNA fupi za herufi 21 zinazolingana na nyuzi zote mbili za jenomu ya kirusi: ni mabaki ya kinga ya mbu ikikikatakata kikiwa kinajinakili.

Dhana: seli zisipoharibika, hakuna kirusi.

Si lazima. Ili kukitafuta kirusi, wagawe mbu kwa spishi na jinsia juu ya sahani baridi, vikundi visivyozidi 50. Saga, zungusha kwenye sentrifuji, chuja kwa tundu la mikromita 0.22, kisha weka kwenye seli za C6/36 (seli za maabara za Aedes albopictus) kwa nyuzi 28 za Selsiasi kwa siku 5 hadi 7. Rudia mizunguko 3 ukihamishia majimaji kwenye seli mpya, na kila mzunguko upime kwa PCR, kwa maana vingi hukua kimyakimya. Seli hizi hukubali virusi kirahisi kwa kuwa kinga yao ya RNA ina hitilafu. Usisahau chupa ya seli zisizowekewa kitu: baadhi ya seli za mbu za maabara tayari zina virusi vyake. Halafu jaribu seli za Vero (seli za figo za nyani) kwa nyuzi 37, na pia kwa joto la chini zaidi, la sivyo utalaumu mwenyeji wakati kosa ni la joto.

Dhana: kisipokuzwa, hakiainishwi.

Tangu 2017, kamati ya kimataifa ya uainishaji wa virusi, ICTV, hukubali jenomu pekee, mradi sehemu zote za kutengeneza protini zimekamilika. Ukoo hupangwa hasa kwa kimeng'enya cha kunakili RNA, na kila jenasi ina kigezo chake cha kutenganisha spishi.

Dhana: virusi hivi huzuia dengue na wenzake.

Hutegemea. Kile cha 1975 hupunguza dengue na Zika ndani ya Aedes aegypti maabara. Lakini huko Chicago, mbu wa Culex wenye kirusi cha Nile Magharibi walionekana kuwa na mwelekeo wa kubeba pia kirusi cha mbu pekee kiitwacho Culex flavivirus.