Mraba wa chati si mraba wa shanga

Swali ninaloletewa kuliko yote huja na picha mbili za WhatsApp: chati iliyochorwa vizuri kwenye daftari la hesabu, bangili ya shanga iliyotoka kwenye chati hiyo, na chini yake, "Mwalimu, mbona duara langu limekuwa yai?" Aliyechora amehesabu sawasawa. Aliyetunga hajaruka hata shanga moja. Tatizo ni daftari lenyewe: miraba yake ina pande sawa, shanga hazina.

Nafundisha kutarizi na kutunga shanga hapa Kampala. Wanafunzi wangu wengi wana asili ya Bombo na Arua, kwa hiyo darasa huenda kwa Kiswahili, na Kinubi huingia pale uzi unapofungana fundo. Wengi wao walijifunza nyumbani, kwa kumtazama mama au shangazi, bila karatasi yoyote. Mtu wa namna hiyo ana mkono mzuri kunishinda mimi, lakini mteja akimletea nembo ya shule au ya SACCO na kutaka mikanda ishirini inayofanana, mkono peke yake hautoshi. Hapo ndipo chati inapohitajika, na inabidi ichorwe kwa ajili ya kile kitakachoshikwa mkononi, si kwa ajili ya kupendeza kwenye karatasi.

Chati ni hesabu. Kila kisanduku ni tendo moja la sindano: msalaba mmoja, shanga moja, kitanzi kimoja cha sweta. Chati haijali tendo hilo lina upana gani. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapishaji wa Berlin waliuza chati za namna hii, zimechapwa kwa miraba na kupakwa rangi kwa mkono, kisanduku baada ya kisanduku, zikaenea Ulaya na Marekani. Hazikumsumbua mtu, kwa sababu zilikusudiwa kanvasi, na matundu ya kanvasi ni miraba kweli. Shida huanza chati ya kitambaa inapohamishiwa kwenye shanga au sweta.

Kwenye kitambaa mambo ni mepesi. Aida, kitambaa cha kushonea misalaba, husukwa ikiwa na matundu yaliyojipanga, na namba yake ni idadi ya miraba kwa kila inchi. Aida 14 ina miraba 14, basi ua la miraba 70 kwa 98 litakuwa inchi 5 kwa 7, yaani kama sentimita 12.7 kwa 17.8. Ua hilohilo kwenye Aida 18 litapungua hadi chini ya sentimita 10 kwa 14. Gawanya kabla hujakata kitambaa, kisha ongeza angalau sentimita 5 kila upande za kushikia fremu. Kunja kitambaa mara nne upate katikati, tafuta vile vishale vya pembeni mwa chati vinavyoonyesha katikati yake, na uanzie hapo. Mstari mzito kila baada ya visanduku 10 haukuwekwa kwa urembo. Piga mistari hiyohiyo kwenye kitambaa kwa uzi mwembamba wa kuchomoa, na utaacha kuhesabu hadi 63 huku mtoto anakuita.

Uzi nao hupigiwa hesabu kutoka kwenye chati. Kifungu cha kawaida cha uzi wa kutarizi kina mita 8 na nyuzi 6 ndani yake. Aida 14 hushonwa kwa nyuzi 2, kwa hiyo kifungu kimoja kinakupa mita 24 za kushonea. Msalaba mmoja hula karibu sentimita moja ukihesabu mbele na nyuma. Toa mikia, mafundo na kule kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, mimi hupanga misalaba 1,800 kwa kifungu na sijawahi kuaibika mbele ya mteja. Kama chati ina visanduku 3,000 vyeusi, nunua vifungu viwili siku moja, dukani kulekule, maana nyeusi ya leo na nyeusi ya mwezi ujao zinaweza zisipatane.

Kitambaa cha kawaida ni habari nyingine. Ukienda Kiyembe ukanunua pamba isiyo na matundu, nyuzi za urefu na za upana mara nyingi hazilingani idadi. Kata dirisha la sentimita 5 kwenye kadi, liweke juu ya kitambaa, hesabu nyuzi kwa ncha ya sindano, kwanza wima kisha mlalo. Zikitofautiana, ua litavutika upande mmoja. Kama nyuzi ni nyembamba kiasi cha kutohesabika, bandika kanvasi ya kuchomoa juu yake, shona, ilowanishe, kisha vuta nyuzi za kanvasi moja moja utoke na misalaba peke yake.

Sasa shanga. Chukua zile za Delica za Kijapani, saizi 11. Umbo lake ni la mrija mfupi: kufuata tundu ina takriban milimita 1.3, na unene wake ni takriban 1.6. Kwenye fremu ya kutungia, shanga hulala tundu likielekea upana wa bangili. Duara la visanduku 20 kwa 20 litakuwa na milimita 26 kwa upana na 32 kwa urefu. Hilo ndilo yai la WhatsApp. Ukitaka duara la kweli lenye upana huohuo, gawanya 26 kwa 1.6 upate mistari 16 badala ya 20. Shanga za mviringo za kawaida hukupotosha kwa kiasi kingine: unene wake nao mara nyingi unazidi urefu wa tundu, lakini si kwa uwiano uleule. Ndiyo maana chati moja ikipita kwa wanafunzi wawili hurudi na mayai mawili yasiyofanana.

Usiniamini mimi wala pakiti. Tunga kipande cha majaribio cha shanga 10 kwa mistari 10, kwa uzi utakaoutumia na kwa mkazo wa mkono wako, kipime kwa rula, halafu gawanya upana kwa urefu. Namba utakayopata ndiyo umbo la kisanduku chako. Ukiwa na kompyuta, fungua Excel, safu ziwe na upana wa pikseli 26 na mistari iwe na kimo cha pikseli 32 kwa ajili ya Delica. Kwenye LibreOffice unaweza kuandika sentimita moja kwa moja, 0.52 kwa 0.64. Paka visanduku rangi, na duara unaloliona kwenye kioo ndilo litakalotoka kwenye fremu. Hii ni sehemu kubwa ya kazi ya programu za kulipia ambazo watu wanakopeshana namba za siri, na Excel iko tayari kwenye kompyuta nyingi za kafe.

Mfano ninaoupenda ni bendera yetu, kwa sababu kila mtalii anaitaka na kila mtunga shanga anaiharibu mahali palepale. Ina milia sita: nyeusi, njano, nyekundu, nyeusi, njano, nyekundu. Upana wa bangili lazima ugawanyike kwa 6, basi 18 inafaa, shanga 3 kwa kila mlia, na kwa Delica inakuwa karibu milimita 23. Mpaka hapo kila mtu anaweza. Kisha anakuja korongo mwenye taji ndani ya duara jeupe. Tuseme duara lichukue milia miwili ya katikati: shanga 6 za upana, milimita 7.8, na kuelekea urefu wa bangili mistari 5. Visanduku 30, tena pembe zake zimekatwa ili liwe duara. Humo umtie ndege, taji lake, na mguu aliouinua? Haiwezekani, na kila niliyemwona akijaribu alipata kuku. Bangili ya shanga 18 iache na duara jeupe tupu, au tone la kijivu katikati. Ukimtaka korongo, panda hadi shanga 36: duara linakuwa 12 kwa 10, na hapo mguu mmoja wa shanga moja unaweza kuonekana umeinuliwa.

Kwenye bangili hiyo kumbuka pia kwamba milia hukimbia kwa urefu wa bangili, hivyo ndege amelala ukimtazama kwenye fremu. Geuza chati nzima robo mzunguko kabla ya kuanza, usijaribu kuigeuza kichwani. Na korongo wa bendera hutazama upande wa mlingoti. Kazi ya fremu ina sura mbili zinazofanana, mbele na nyuma, ila moja ni kinyume cha nyingine kama kwenye kioo. Ukianza kusoma mistari kutoka ncha isiyo sahihi, ndege atageuka na hutajua hadi mtu akuambie. Mimi huandika "JUU" na "MBELE" kwenye karatasi, na hufunga uzi mwekundu kwenye kona ya kazi inayolingana na kona ya kwanza ya chati.

Mtindo wa peyote, wa kutunga kwa sindano bila fremu, unasomwa tofauti, na hapa waliozoea fremu huchanganyikiwa. Visanduku vyake vimepishana nusu kwa nusu, na mstari wa 1 na wa 2 huokotwa pamoja. Kwa upana wa shanga 12, okota zote 12 kwa mpigo, ukisoma chati kwa kupanda na kushuka. Geuza. Okota shanga moja, iruke ya 12, pitisha sindano kwenye ya 11. Okota nyingine, iruke ya 10, pita kwenye ya 9. Endelea hadi umeweka 6. Hizo ndizo mstari wa 3. Kuanzia hapo kila mstari una shanga 6, si 12, na mtu anayesoma visanduku vyote vya mlalo atamaliza ua katikati ya bangili. Kuhesabu mistari, hesabu shanga za ukingo wa kushoto, kisha za ukingo wa kulia, jumlisha. Ua lenye safu moja ya katikati linahitaji idadi witiri, ambayo ina mgeuko wa kusumbua ukingoni. Ukiweza, chora ua la idadi shufwa ujiepushe. Mtindo wa matofali hauhitaji chati mpya, geuza ya peyote robo mzunguko.

Sweta za shule sitakaa nazo sana. Kitanzi cha sindano ni kipana kuliko kimo chake. Kama kipimo chako ni vitanzi 22 na mistari 30 kwa sentimita 10, nembo ya 30 kwa 30 itakuwa na upana wa sentimita 13.6 na kimo cha 10. Chati husomwa kutoka chini kulia. Mistari ya mbele kwenda kushoto, ya nyuma kurudi kulia. Ukifuma kwa mzunguko, yote ni kwenda kushoto.

Kuna kazi ambazo miraba haiziwezi kabisa. Kawa za rangi za kufunikia chakula za wamama wa Bombo husukwa kuanzia katikati kuzunguka nje, na kila mzunguko unazidi uliotangulia. Atakaye kuchora chati yake atumie bikari na mistari inayotoka katikati, agawanye duara kwa idadi ya ncha za nyota, kisha achore kipande kimoja tu, maana vingine vinafanana nacho. Nimewahi kuona mtu akiilazimisha nyota hiyo kwenye daftari la hesabu. Wamama walimcheka kwa adabu.

Kuhusu programu zinazogeuza picha kuwa chati: zinafanya kazi, lakini ukiziacha zitakupa rangi 60 na visanduku vya rangi moja moja vilivyotapakaa kila mahali, na kila kimoja ni uzi wa kukata na kufunga. Ziamrishe zitoe rangi 12, kisha upite kwa mkono ukifuta visanduku vya upweke. Uso wa bibi wa mteja utabaki uso wa bibi.

Na weka alama ndani ya kila kisanduku, si rangi peke yake. Chati yako itapigwa kopi nyeusi na nyeupe Nasser Road, mtaa wa wachapaji, na kwenye kopi hiyo nyekundu na kijani ni kijivu kimoja. Tumia msalaba, duara, nukta, mstari mshazari, kisanduku kilichojaa. Chini yake andika ufunguo: alama, namba ya uzi au shanga, idadi ya visanduku. Juu yake andika mtindo, saizi ya shanga na vipimo vya kile kipande cha 10 kwa 10. Chati isiyo na vipimo hivyo ikiletwa kwangu, humrudishia mwenyewe akapime kwanza, hata kama mteja wake anasubiri mlangoni.