Kwa nini mtaa wenye giza huogopesha hata asiyewahi kuibiwa?

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, ule mstari unaopita Maseno. Kwa hivyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba, na likishazama giza halikawii. Anayetoka kazini saa moja jioni, apande matatu hadi Kondele kisha atembee kuingia Manyatta, hufika kwake gizani mwaka mzima.

Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Ukiwasha tochi ya simu, unaona mtaro ulio mbele ya mguu wako, lakini aliyesimama kando ya ua hatua kumi mbele humwoni, naye anakuona vizuri. Usipoitambua sura mapema, huna nafasi ya kuamua kama utasalimu, utavuka barabara au utarudi. Hofu hiyo ina sababu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kupigwa ngeta, yaani kukabwa koo na kuporwa.

Ila taa peke yake haimkamati mtu. Angalia kibanda cha mama mboga jioni: anakata sukuma wiki, jirani yake anapima omena, na vijana wawili wa bodaboda wanangoja abiria. Hawa wanajua nani ni wa mtaa na nani mgeni, na ukipiga nduru watasikia. Stima ikipotea wiki nzima, wateja wanapita mbio, mama anafunga mapema, bodaboda wanahamia penye mwanga. Anayepita saa tatu usiku anakuta njia tupu. Kwangu mimi, hapo ndipo usalama unapovunjika hasa, kabla hata mwizi hajatokea.

Zile taa za mlingoti mrefu tunazoita mulika mwizi husaidia kwa kuwa mwanga wake hufika mbali na jiwe halizifikii kwa urahisi, ingawa nyuma ya nyumba za mabati hubaki vivuli vizito. Jijini New York, mwaka 2016, baadhi ya mitaa ya nyumba za serikali, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ilipewa taa za ziada. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36.

Taa ya mtaani ikizimika, wengi hulalamikia polisi. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka taa za barabarani mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo malalamiko hayo yapelekwe ofisi ya wadi, na mwakilishi wadi aulizwe kila wiki mpaka taa iwake.