Chenga za mtoni si alama ya kuchimba papo hapo

Huku Ruangwa na Nachingwea, mtu akiona chenga za dhahabu kwenye karai huanza shimo palepale, na akiba ya familia inaishia humo. Inaumiza. Chenga zile zimeng'olewa na maji kwenye mwamba ulio upande wa juu wa mto. Dhahabu ina uzito wa mara 19 hivi ya maji, kwa hiyo hutulia mkondo unapolegea. Zenye kona kali hazijasafiri sana. Zilizobapa na kulainika zimetoka mbali. Panda na mto, osha mchanga kila kijito kinapoingia. Chenga zikikoma kuonekana ghafla, mwamba wake uko karibu: acha mto, pima udongo wa miteremko. Kule milima ya Yukon, Kanada, dhahabu ya Klondike iligunduliwa kijitoni mwaka 1896. Watafiti wa leo huko huchukua udongo vilimani kutafuta mwamba wenyewe.